Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Eliasi

Mugango, 11 Februari 1986

Mdogo wangu Petronila,

Barua hii isome ukiwa umekaa. Kama uko mbele ya wagonjwa, ikunje kwanza umalize kazi.

Eliasi amerudi.

Najua unadhani nimelewa. Sijalewa. Eliasi mdogo wetu, ambaye wewe na mimi na mama tulimlilia siku nne mwaka themanini na tatu, ambaye ziwa halikututolea mwili wake tukazika mgomba badala yake kama desturi yetu inavyotaka, alishuka kwenye boti pale Mwigobero Jumatano iliyopita, akaja kwa miguu mpaka nyumbani. Anasema alikuwa upande wa Kenya miaka yote hiyo, kisiwani, akivulia watu. Zaidi ya hapo hasemi kitu cha kueleweka.

Mama alikuwa anaanika dagaa. Alimtazama, akamshika sikio la kushoto, lile lenye kovu la mbwa, halafu akakaa chini palepale juu ya dagaa. Mama alimjua mara moja. Shida iko kwa mwenyewe. Aliuona msalaba uani, akasoma jina lake, akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe mlishanizika," akamwambia mama. "Basi huko nilikuwaga najisumbua bure."

Tangu hapo anasema yeye ni mfu. Hapigi kelele. Anasema tu, jinsi mtu mwingine angesema yeye ni fundi baiskeli. Hataki kulala ndani, analala kando ya kaburi. Ukimpelekea chakula hali mpaka akushike kifundo cha mkono, na akishakushika haachii. Jana mke wangu Jeska alikaa naye hivyo kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, ugali ukapoa, mkono ukafa ganzi.

Watu wanaogopa. Watoto wa shule wamebadili njia. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Burito, amesema majirani watavumilia mpaka baada ya mavuno. Kama hali ni hii hii, ataandika wilayani waje wamchukue, apelekwe hospitali ya mbali. Wote waliotoka hapa wamefungwa kamba kwenda huko, hatujaona aliyerudi.

Wewe ndiye muuguzi. Niambie tufanye nini.

Kaka yako,
Masatu

&nbsp;

Zahanati, Bunda, 20 Februari 1986

Kaka Masatu,

Nimelia mpaka mwenzangu wa kazi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimefufukiwa. Akanipima homa.

Ningekuja leo hii. Lakini tuko wawili tu hapa, surua imeingia, na mwanangu bado ananyonya. Kwa hiyo nisikilize vizuri, na usinune kwamba mdogo wako anakuamuru. Nimekuamuru tangu nikiwa darasa la pili.

Mwaka jana tulikuwa na semina hapa Bunda juu ya wagonjwa wa akili. Mtaalamu alituambia jambo moja nikalishika: mtu wa namna hii, kama ana watu wake, anapona kwao kuliko nyuma ya ukuta. Vidonge ni nusu ya dawa. Nusu iliyobaki ni watu. Kwa hiyo:

Asifungwe kamba, hata akikataa kula. Msibishane naye kwamba yuko hai. Atachoka, nanyi mtachoka. Ongea na Burito zipatikane nyumba saba, kila nyumba siku yake. Siku hiyo Eliasi anakula kwao na anafanya kazi kwao: nyavu, palizi, kuanika, chochote. Asikae bure. Vidonge nampa Nyamhanga, yule mama wa dagaa, maelezo nimeandika kwenye bahasha. Jeska ahakikishe amemeza.

Na lile kaburi lazima litoke. Nani atapona akilala kando ya jina lake mwenyewe? Namwandikia baba mdogo Wanzagi kule Butiama, yeye ndiye anayejua utaratibu wa mambo haya.

Mwambie Eliasi dada yake anamsalimu. Akisema amekufa, mwambie salamu ni zile zile.

Petronila

&nbsp;

Mugango, 15 Machi 1986

Petronila,

Nyumba zimepatikana. Burito alitoa ya kwake kwanza, wengine wakaona aibu kukataa. Nakuambia sikuamini. Jumatatu yuko kwa Burito, Jumanne kwa katekista Apolinary, na kuendelea hivyo, mpaka Jumapili yuko kwetu. Anapalilia mihogo vizuri kuliko mimi.

Ila wanamlisha nje, kwenye kopo. Hakuna anayempa kikombe cha nyumba. Aliyezikwa hanywi kwenye chombo cha walio hai mpaka mazishi yake yafunguliwe, nawe unalijua hilo, umezaliwa hapa. Yeye mwenyewe hadai. Anapokea kopo anashukuru. Hilo la kushukuru ndilo linaloniumiza.

Akimaliza kazi ya watu anakuja ninaposhonea nyavu, anakaa karibu yangu mpaka jua linazama. Haongei. Mara moja aliniambia furu wamekwisha ziwani, sangara kawala wote. Nikasema kweli. Nikaendelea kushona.

Habari ya kaburi tuiache kidogo. Ardhi imelowa.

Masatu

&nbsp;

Bunda, 2 Aprili 1986

Kaka,

Ardhi iliyolowa ndiyo inayochimbika. Usinifanye mtoto.

Baba mdogo Wanzagi amejibu, na jibu lake ni zuri kuliko nilivyotegemea. Anasema: aliyeleta habari ya kifo ndiye anayefungua mazishi. Anasimama kaburini mbele ya watu wale wale waliolia, anasimulia upya habari ile toka mwanzo hadi mwisho, kama alivyoisimulia siku ile. Halafu aliyerudi anaulizwa, "Ndivyo?" Akikubali, msimuliaji anafukua mgomba kwa mikono yake, unatupwa ziwani, mtu anapewa kikombe cha mama yake. Basi. Amekuwa hai mbele ya wote.

Mtaalamu wetu wa semina angeruka kwa furaha. Kijiji kizima kinamwambia mgonjwa kwa mdomo mmoja kwamba yuko hai, na hakuna kidonge cha kufanya hivyo.

Aliyeleta habari ni wewe. Nakumbuka ulivyoingia uani siku ile, umelowa, umeshika lile dumu, ukasema wimbi limepindua mtumbwi mkitoka Kenya na sabuni, ukamwona akizama, ukautafuta mkono wake ukaukosa. Sijasahau hata neno. Na wewe huwezi kuwa umesahau.

Nipe tarehe.

Petronila

&nbsp;

Mugango, 10 Mei 1986

Petronila,

Nimechelewa kujibu. Kidole kilichomwa na mwiba wa samaki gogogo, kikavimba. Halafu Jeska alikuwa na homa. Halafu Apolinary amesema mambo ya kufukua migomba ni ya kipagani, kanisa halitapenda, nami sitaki ugomvi na katekista.

Eliasi anameza vidonge. Wiki hii amelala ndani ya jiko la Burito usiku mara mbili. Naona anaendelea vizuri bila hayo ya kaburi. Tusiharakishe.

Masatu

&nbsp;

Bunda, 28 Mei 1986

Kaka Masatu,

Nimemwandikia Apolinary mwenyewe. Amejibu kwamba kama mgomba ulizikwa mbele yake naye akaongoza rozari, hawezi kukataa ukifukuliwa mbele yake. Ameahidi kuja na maji ya baraka. Hapo huna pa kujificha.

Sasa niambie ukweli: unaogopa nini? Unaogopa mzuka? Mtu mzima, miaka arobaini, umevuka ziwa lile na dhoruba zake, unaogopa shina la mgomba lililooza?

Nakusema hivi kwa sababu naogopa mimi. Mavuno yanakuja. Burito ni mtu mwema lakini akishaahidi watu jambo analitimiza. Niliona mgonjwa mmoja akipitishwa hapa Bunda mwezi uliopita, amefungwa nyuma ya lori juu ya magunia ya pamba. Alikuwa na uso wa Eliasi. Hakuwa yeye, lakini nilikimbilia lori mpaka mwisho wa soko.

Fanya, kaka. Ni maneno tu, na uliwahi kuyasema.

Petronila

&nbsp;

Mugango, 14 Juni 1986

Siogopi mzuka. Nitafanya. Jumamosi tarehe tano Julai.

Masatu

&nbsp;

Bunda, 12 Julai 1986

Kaka yangu mpendwa,

Nyamhanga amepita hapa leo na ndoo zake, hakuiweka chini hata moja kabla hajanieleza yote. Kwamba ulisimama ukasimulia kama zamani, wanawake wakalia upya. Kwamba Eliasi aliulizwa akajibu, "Ndivyo." Kwamba ulifukua kwa mikono bila jembe, na mama akampa kikombe chake mwenyewe cha bati, akanywa chote.

Nimemkumbatia Nyamhanga, sasa gauni langu lote linanuka dagaa. Nimeanza kuandika taarifa ya kupeleka kwa wale wa semina. Nimeandika kwamba kaka wa mgonjwa alikuwa mzito mwanzoni, kisha akawa nguzo. Nisamehe kwa yote niliyokuandikia. Sikujua kwamba kumbukumbu ile ilikuwa inakuumiza kiasi hicho.

Niambie anavyokula sasa. Niambie kila kitu.

Mdogo wako,
Petronila

&nbsp;

Mugango, 20 Julai 1986

Petronila,

Taarifa yako usiitume.

Alikunywa kile kikombe, ndiyo. Tangu siku ile hajatia kitu mdomoni ila maji. Leo ni siku ya kumi na tano, na nyumba saba zimembembeleza kwa zamu. Vidonge anavitema. Amerudi kulala pale kaburini, ndani ya shimo nililolifukua. Halikufukiwa, na sasa hatuwezi kulifukia kwa sababu yumo.

Nitaandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Niliyoyasema siku ile mwaka themanini na tatu, na niliyoyarudia tarehe tano, si kweli. Mtumbwi ulipinduka, hiyo ni kweli. Sabuni ilizama, hiyo ni kweli. Dumu lilikuwa moja. Lilikuwa la mafuta, tupu, na lilikuwa linaninyanyua mimi. Eliasi alikuja akalishika, likaanza kwenda chini na sisi sote wawili. Akaliachia, akanishika mimi, hapa kwenye kifundo cha mkono. Nilikunywa maji mara mbili. Halafu nikambandua vidole. Kimoja kimoja, Petronila. Cha mwisho kilikuwa gumba. Aliniita kaka.

Sikuutafuta mkono wake nikaukosa. Niliupata nikaubandua.

Kila nyumba ilipomlisha akawashika mikono, wote mlidhani ni dalili ya ugonjwa. Mimi nilikuwa najua anauliza nini, nikawa nashona nyavu.

Tarehe tano nilisimama nikasema uongo ule ule, nikitegemea atakataa, au nikitegemea atakubali, sijui. Baba mdogo Wanzagi, aliyekuja toka Butiama, akamuuliza, "Ndivyo?" Eliasi akanitazama. Akasema, "Ndivyo. Nilizama mwenyewe." Jioni nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, hata hakukasirika: "Kaka, anayerudi hai lazima aseme alivyoachwa. Mfu haulizwagi kitu. Wewe kaa tu."

Amekubali kufa ili mimi nisiumbuke. Nami nimemwachia, mara ya pili.

Sabuni ile, unajua, siku hizi imepangwa mezani pale Mwigobero mchana kweupe. Ruksa. Mgambo aliyekuwa akitufukuza ananunua na yeye, anainusa kwanza. Nilipoiona nilikaa chini nyuma ya mizani ya samaki.

Burito anataka kuandika wilayani mwisho wa Agosti.

Masatu

&nbsp;

Bunda, 30 Julai 1986

Masatu,

Nimeichoma barua yako. Sikuisoma mara mbili, na bado naisikia.

Sitakuhukumu. Sikuwa majini. Lakini sitaki kusema kwamba nimekusamehe, kwa sababu usiku namwona akikuita nawe unaendelea na kidole kinachofuata, halafu naamka namshika mwanangu vibaya mpaka analia.

Sikiliza sasa. Usimwambie mtu. Si Burito, si Jeska, na mama kabisa kabisa asijue. Mama ana presha. Amemzika mtoto mmoja. Ukisema hili utamzikisha wa pili naye akiwa anapumua. Na kijijini utaishije? Nani ataingia mtumbwi mmoja na wewe? Watoto wako wataitwaje?

Nitaomba ruhusa mwishoni mwa Agosti. Nitakuja mwenyewe nimchukue Eliasi nimpeleke hospitali, nikae naye kiti kimoja, bila kamba. Huko kuna madaktari. Atapata dawa ya sindano, atakula. Pengine ni bora awe mbali na hapo penu. Nilikosea kulazimisha mambo ya kijiji. Kuna magonjwa ni ya hospitali tu.

Naomba, kaka. Nyamaza mpaka nije.

Petronila

&nbsp;

Mugango, 18 Agosti 1986

Petronila,

Sikunyamaza.

Nilisoma barua yako nikasema huyu si yule aliyeandika kwamba nusu ya dawa ni watu. Si kwa kukusimanga. Nilielewa kwamba na wewe umeingia humu nilimokuwa mimi miaka mitatu, na kwamba nikikuacha utazoea. Watu wanazoea humu. Na Eliasi mifupa ilikuwa imeanza kuonekana, asingefika mwisho wa Agosti.

Jumapili tarehe kumi, baada ya ibada, nilimwomba Burito awaite wale wale. Walikuja wakinung'unika, wakidhani ni kikombe kingine. Mama alikuja na kigoda chake. Eliasi alikuwa shimoni, kichwa tu kinaonekana.

Nikasema. Nilisema kama nilivyokuandikia, bila kuongeza wala kupunguza. Kwanza hakuna aliyeelewa. Apolinary alidhani na mimi nimeugua, akaanza kunishika bega. Halafu Eliasi akapiga kelele toka shimoni, "Mwongo! Msimsikilize, nilizama mwenyewe!" Watu wakageuka kumwamini yeye, mgonjwa, kuliko mimi.

Nikashuka mle shimoni nikamnyooshea mkono. Nikamwambia, shika. Akakataa. Nikamwambia, Eliasi, shika, waone. Akashika. Unajua nguvu za mikono yake hata alivyokonda. Nikaanza kumbandua vidole mbele yao wote, mbele ya mama, kimoja baada ya kingine. Wanawake walikuwa wananiambia acha, acha we Masatu. Sikuacha. Nilipofika kwenye gumba alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu ziwani, akanipiga mdomoni. Akanipiga tena. Meno mawili yametoka. Ilichukua wanaume wanne kumtoa juu yangu, na alikuwa hajala siku thelathini na sita.

Mama alisimama, akapita karibu yangu, akamshika Eliasi mkono akaingia naye ndani ya nyumba, akafunga mlango. Hajaniambia neno mpaka leo. Ana afya, presha haikupanda. Mchana ule ule Eliasi alikula uji, jioni akala samaki, akalala kitandani. Keshoye alitoka akalifukia shimo mwenyewe, hakutaka msaada.

Wale wa nyumba saba hawajaacha zamu, ila sasa wanamlisha ndani, na wanagombana nani alipika vizuri. Sasa anaishi kwa Burito, hawezi kukaa uani kwangu. Anameza vidonge. Amedai shamba lake la mihogo, amepewa. Hasemi tena kwamba ni mfu. Kaulizwa na Apolinary mbele ya watu, akamjibu, "Mfu nani?" kwa hasira.

Mimi sina mtumbwi. Wenzangu wamechukua mtu mwingine, hawakunigombeza, walikuja tu asubuhi wakachukua makasia. Jeska yupo. Watoto wanapigwa shuleni. Uliyoyasema yote yametokea. Sikukukaidi kwa kudhani ni uongo.

Alipokuwa mfu alikuja kila siku akakaa nami kwenye nyavu. Sasa anapita njia ya juu, ya mawe, inayozunguka, ili asinione. Juzi tulikutana ghafla kisimani. Alinitazama usoni, Petronila, akanichukia waziwazi, mtu mzima mwenye damu mwilini. Akatema mate akaondoka na ndoo yake. Nilifurahi kuliko siku aliyoshuka kwenye boti.

Njoo mwishoni mwa mwezi kama ulivyopanga. Usije kutupatanisha, wala usinitetee. Shukia kwa Burito. Eliasi atakupokea mwenyewe, anapenda kuonyesha mihogo yake. Ameanza kucheka, jana jioni nilimsikia kutoka huku kwangu, nikasimama nyuma ya ua mpaka akanyamaza.

Masatu